Kocha Asiyetukanika

Ukungu FC imepata kocha mpya, na kocha mwenyewe ni mama mkwe wa Danieli.

Lushoto nzima hakuna aliyeumia kwa habari hiyo kama Danieli, dalali wa kabichi, mwenyekiti wa mashabiki, na mwenye mdomo uliompatia jina la Kipaza. Makocha watatu waliopita hawakufukuzwa na kamati. Walifukuzwa na Kipaza akiwa amesimama nyuma ya goli na gambuti zake miguuni. Wa kwanza aliteremka Mombo juu ya Fuso la kabichi, filimbi ingali shingoni. Wa pili aliacha mpira akaenda kufuga nyuki huko Gare, akasema nyuki wana adabu zaidi. Wa tatu hadi leo ukimtajia kona anashika kichwa.

Sasa huyu wa nne. Ukweni kwa Danieli mila inashikwa kwelikweli. Mama mkwe jina lake hulitaji, sauti humpandishii, benchi moja hamkai, na mkikutana njiani unapisha na kumwamkia ukiwa umetazama vidole vyako vya miguu. Ukiteleza, wazee wa ukoo wanakaa kikao, na kikao chao hakijawahi kuisha bila mbuzi.

Kijiwe kilikuwa mahali pake pa siku zote, mbele ya saluni ya Sharifu kinyozi, chini kidogo ya stendi. Ukungu ulikuwa umeshuka usawa wa mabati na watu wamejikunyata ndani ya makoti. Hashimu muuza kahawa alikuwa anapuliza mkaa. Huyo wanamwita Marudio, maana jambo likishaisha ndipo yeye anataka lianze upya. Kwenye ncha ya benchi alikaa Sefania, jina la kijiweni Daktari. Hakusomea udaktari, ila aliwahi kulazwa Bumbuli muda mrefu hadi akawa anawasahihisha manesi.

“Hebu turudie,” alisema Marudio. “Kamati imekaa. Imekunywa soda. Imepiga miayo. Halafu ikamchagua mwalimu wa netiboli.”

“Mstaafu,” alisema Daktari.

“Mwalimu mstaafu wa netiboli, awafundishe wanaume mpira wa miguu.”

“Hiyo ni presha ya kushuka. Timu ikikaribia kushuka daraja, damu ya kamati haifiki kichwani. Nimeyaona hayo wodini.”

“Na anaitwa nani, huyo mwalimu?” aliuliza Sharifu kutoka mlangoni, akifuta mashine yake ya kunyolea. Alikuwa anajua vizuri sana. “Mwenyekiti, hebu tukumbushe jina la kocha.”

Danieli akapapasa masharubu yake. Yalikuwa masharubu ya heshima, mapana kama brashi ya viatu, na sokoni wakulima waliyaogopa kabla hawajasikia bei.

“Yule,” alisema.

“Yule nani?”

“Yule mama. Mama yake Loveness.”

“Kwa hiyo Jumapili uwanjani utasimama utangaze kwamba kocha wetu ni Yule?”

“Sharifu, nyoa watu.”

“Nimnyoe nani? Wateja wangu wote mmekaa hapo mnakunywa kahawa na ndevu zinaota.”

Danieli akaweka kikombe chini. Aliona kijiwe kinamtazama kwa huruma, na huruma ya kijiweni ni mbaya kuliko matusi.

“Sikilizeni. Mpira na ukwe ni vitu viwili. Nyumbani ni mkwe wangu, sina neno. Uwanjani ni kocha. Akiharibu, nitasema.”

“Fanya mfano,” alisema Marudio. “Mechi imeanza. Mpira umeshateremka bondeni kama kawaida ya uwanja wetu, wameuleta, tumefungwa mabao mawili. Kocha yuko pale, mimi ndiye kocha. Sema.”

Danieli akasimama. Akajaza kifua. Akanyoosha kidole kile kilichompeleka mtu Mombo.

“Wewe kocha,” alianza. Akakohoa. Kidole kikakunjika chenyewe. “Wewe mama. Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, kama itakupendeza, na kama hujachoka, yule namba nne naomba umpumzishe.”

Daktari alicheka hadi akapaliwa na kahawa.

“Huko siyo kuzomea,” alisema alipopata pumzi. “Hiyo ni barua ya kuomba kazi.”

“Nilikuwa napasha koo.”

“Koo limepata ganzi. Ni dalili mbaya.”

“Mnacheka lakini hamjaelewa,” alisema Sharifu. “Kamati haikutafuta kocha. Jiulizeni. Wilaya nzima ina makocha, wengine wana vyeti, wengine wana hadi viatu. Kwa nini wampandie mwalimu Evelina hadi kule Bumbuli? Walikuwa wanatafuta mtu mmoja tu ambaye Kipaza hawezi kumtukana.”

Marudio akaacha kupuliza mkaa.

“Rudia hapo,” alisema Marudio.

“Kocha wakimleta, Kipaza anamla. Wakaona bora walete ambaye hatafuniki. Wakakagua ukoo wako, mwenyekiti, wakampata.”

Danieli alihisi baridi ikimwingia kwenye kola. Maana ilikuwa kweli, na yeye hakuwa na kitu kingine. Kabichi kila mtu anauza. Mdomo ule ndio uliomfanya apishwe sokoni. Jumapili akisimama nyuma ya goli akiwa bubu, Jumatatu atakuwa Danieli tu, mtu wa kabichi, kama wale wengine wote.

“Nitasema,” alisema. “Nawaapia. Nikishindwa kusema, Sharifu uyanyoe haya masharubu.”

“Umesikika,” alisema Sharifu.

“Mwenyekiti,” alisema Marudio, ambaye alikuwa anatazama barabarani, “usihangaike kuapa. Yule anakuja.”

Kweli, kutoka ndani ya ukungu ulitokea mwavuli mweusi, chini ya mwavuli sweta la bluu, na mwendo ule wa mwalimu anayekwenda kukagua kucha za wanafunzi. Danieli akaangalia barabara ya juu. Ndiyo hiyo anayojia mama mkwe. Akaangalia nyuma ya saluni. Nyuma ya saluni ni korongo. Akaruka kizingiti, akajitupa kwenye kiti cha kunyolea, akavuta kitambaa hadi puani.

“Nipake povu,” alinong’ona. “Uso mzima.”

“Nikuachie macho?”

“Sharifu, ndugu yangu, nitakuletea kabichi mwaka mzima.”

Sharifu akapaka povu. Alipaka kwa moyo, kama mtu anayelipiwa. Mwalimu alipofika, watu wa benchi walikuwa wamesimama wote, mikono nyuma.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, hamjambo.” Akafunga mwavuli. “Namtafuta mwenyekiti wa mashabiki. Nyumbani kwake siwezi kwenda kwa habari za mpira, yule ni mkwe wangu. Nikasema nije hapa, maneno yapitie kwenu.”

“Ametoka kidogo,” alisema Daktari, akitazama juu ya mabati.

“Basi nitangoja. Sharifu, endelea na mteja wako, usisimame kwa ajili yangu.”

Akakaa kwenye benchi, upande wa mlangoni. Kati yake na Danieli palikuwa na ubao mmoja wa ukuta. Sharifu akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama Sharifu, na kinyozi anayetazamwa na mwalimu hana ujanja. Akachukua wembe. Wembe ukapita juu ya mdomo, upande wa kushoto, taratibu. Chini ya kitambaa Danieli akakamata paja lake mwenyewe.

“Huyu mwenyekiti wenu,” aliuliza mwalimu, “hapa kijiweni ni mtu wa namna gani?”

Marudio na Daktari wakaangaliana. Nafasi kama ile mtu anaipata mara moja, halafu anazeeka akiisimulia.

“Mpole,” alisema Marudio.

“Mkimya sana,” alisema Daktari. “Sisi tulidhani ni ugonjwa. Nikamwambia aende akapimwe koo.”

“Ukimkalia kwenye mguu, yeye ndiye anaomba msamaha.”

“Na hajisifu kabisa. Tena yale masharubu anasema hata hayapendi.”

Ndani ya povu ikatoka sauti kama ya sufuria inayochemka.

“Mteja anakoroma,” alieleza Sharifu.

“Maskini, amechoka,” alisema mwalimu. “Na timu yenu mnaionaje?”

“Nzuri.”

“Lakini?”

“Haina lakini, mwalimu.”

“Mimi mpira wa miguu siujui kama ninyi. Ila nimewatazama mazoezini. Yule kijana Heri, namba tisa wenu. Anaruka vizuri, ana mikono mirefu. Ningekuwa mimi, ningempeleka golini.”

Heri alikuwa ndiye mfungaji. Heri alikuwa ndiye timu. Danieli alimpenda Heri kiasi kwamba beberu wake, aliyemfuga tangu akiwa kitoto, alimpa jina Heri. Akauma kitambaa. Akamkumbuka mkewe Loveness, akawakumbuka wazee wa ukoo, akazidi kuuma.

“Wazo zuri mno,” alisema Daktari, yuleyule wa damu kutofika kichwani. “Hilo ni la kitaalamu.”

Danieli akavumilia. Hapo mtu wa haki lazima amsifu. Alivumilia hilo, na angeweza kuvumilia hadi jioni, kama Marudio asingetia neno lake.

“Hata mwenyekiti wetu kila siku anasema hivyohivyo, mwalimu. Heri golini, Heri golini. Ametuchosha.”

Kitambaa kikaruka. Povu likaruka. Wembe ukamponyoka Sharifu.

“Sijasema. Sijawahi kusema na sitasema. Heri golini? Nani mwenye akili anamtoa Heri mbele? Ni kocha wa wapi huyo? Mwambieni arudi kwao akarushe mpira kwenye ringi na wajukuu zake.”

Sauti ile ilikwenda hadi stendi, na kondakta mmoja akadhani basi limeitwa.

“Wajukuu zake,” alisema Marudio polepole, “si ndio wanao?”

Danieli alikuwa amesimama kizingitini. Upande wa kulia wa mdomo alikuwa bado mtu wa kuogopwa sokoni. Upande wa kushoto alikuwa kama mvulana wa kipaimara. Povu lilikuwa limetua kwenye sweta la bluu, begani, likiteremka. Macho yake yakashuka yenyewe hadi kwenye ncha za gambuti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, Danieli.” Mwalimu akatoa leso, akafuta bega. Hakuharakisha. “Nilikujua tangu nafika. Hizo gambuti nilikununulia mimi Krismasi. Nikasema ngoja amalize kunyolewa, mtu mwenye wembe usoni hasemeshwi.”

“Ndiyo mama.”

“Nilikuja kuacha ujumbe kwamba ile kazi nimeikataa. Kamati walinibembeleza sana. Lakini nikafikiri, mkwe wangu mpira ndio furaha yake, nikikaa pale atashangiliaje? Nikasema nimwambie yeye kwanza, halafu ndiyo niende kwa kamati.”

Marudio mwenyewe hakuomba arudie.

“Sasa nimeikubali,” alisema mwalimu. Akafungua mwavuli. “Mazoezi ni kesho alfajiri. Mumwambie Heri atafute glavu.”

Akaondoka kwa mwendo wake, ukungu ukamfunika miguu, kisha sweta, kisha mwavuli. Watu wa kijiwe wakabaki wamesimama kama wako darasani.

“Mwenyekiti,” alisema Sharifu mwishowe, akiokota wembe. “Umesema. Kiapo umekitimiza, sikudai. Lakini huo upande mwingine tunaufanyaje?”

“Hebu turudie,” alianza Marudio, “pale aliposema alikuja kukataa.”

Hakuna aliyetaka kurudia. Daktari akakumbuka ana kuku hajawafungia. Marudio akamwaga kahawa iliyobaki, ingawa siku hiyo haikuwa imechacha. Danieli akapandisha kola, akaufunika mdomo kwa mkono, akapita njia ya mashambani.

Wazee wa ukoo walikaa Bumbuli, na gharama yote ilikuwa hii. Beberu mmoja, jina lake Heri, ambaye Danieli alimpeleka mwenyewe kwa kamba na njia nzima wakawa wanatazamana. Doti moja ya kitenge. Sweta moja la bluu. Masharubu ya kushoto siku ileile, na ya kulia asubuhi yake, kwa sababu Loveness alikataa kunywa chai na nusu mtu. Uenyekiti, akapewa Marudio, na kikao chake cha kwanza bado kiko kwenye ajenda ya kwanza. Na msimu mzima wa kuokota mipira bondeni chini ya uwanja, mahali ambapo ukipiga kelele wanaokusikia ni vyura.

Mechi ya kwanza Ukungu FC ilishinda. Heri alidaka penati dakika za mwisho, mashabiki wakaingia uwanjani, mwalimu akabebwa mabegani na mwavuli wake. Danieli hakuiona. Alikuwa kule chini, ndani ya migomba, anatafuta mpira.