Waasisi wa Ghorofa la Kayanga

Elick alifika Kayanga kutoka Muleba akiwa na suti moja, begi la ngozi lisilo na kitu, na ulimi ambao haukuwahi kumlaza njaa. Alikuwa anakunywa chai kwenye mgahawa wa Felicitas, chini ya lile ghorofa kuukuu la katikati ya mji, aliposikia wapangaji wakibishana ni nani aliyelijenga. Mmoja alisema ni Mhindi. Mwingine akasema Wajerumani. Nestory, muuza mabati na misumari wa fremu ya kona, alisema amepanga hapo miaka kumi na minane na hajawahi kukutana na mtu anayejua.

Elick akaweka kikombe chini taratibu. Jengo ambalo wilaya nzima inalijua, na hakuna anayejua lilikotoka. Kwake hiyo ilikuwa sawa na kuokota ng'ombe asiye na mwenyewe.

Kesho yake alirudi akiwa mtafiti wa majengo ya kale. Alipima kuta kwa hatua, akazigonga kwa kidole kama daktari anayepima kifua, akajaza daftari. Alipoulizwa alisita kwanza, maana mwenye siri nzuri hutaka kubembelezwa. Kisha akaeleza kwamba ghorofa lilijengwa kwa magunia ya kahawa yaliyochangwa na wakulima wa Karagwe na Kyerwa, kwamba fundi mkuu alikuwa babu yake mwenyewe, mzee Pastory, na kwamba wajukuu wa wachangiaji wana haki yao humo ndani. Orodha ipo, ila lazima itafutwe, na kutafuta kuna gharama.

Nestory ndiye aliyegharamia wa kwanza. Siku tatu baadaye alioneshwa karatasi ya kahawia, iliyochakaa pembeni, yenye jina la babu yake wa Isingiro na magunia manne. Babu huyo, kwa taarifa za ukoo, hakuwahi kukanyaga Kayanga, na maisha yake yote aliogopa nyumba yenye watu juu ya watu. Nestory aliisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe mzee alikuwa mtu wa maendeleo," alisema.

Felicitas akapatiwa babu wa magunia matano. Nestory aliposikia, aliomba utafiti wake uendelee, na ulipoendelea ukamkuta babu ana magunia saba. Wiki hiyo historia ilipanda bei kuliko kahawa yenyewe. Elick alikuwa akiandika mababu wa watu, anazilowesha karatasi kwenye kahawa nzito, anazianika, na begi linanenepa.

Angeondoka hapo, angekwenda zake salama. Lakini Nestory alikuwa ameshampigia simu mwenye jengo, mjane Auleria wa Bugene, akamweleza kwa heshima zote kwamba mjukuu wa mwasisi halipi kodi. Wapangaji wakaitisha mkutano Jumamosi, ghorofani, ili mama huyo asomewe historia na mtafiti mwenyewe. Walimwahidi Elick bahasha nono, naye akabaki.

Auleria alikuja na bodaboda, kanga mabegani, mkoba mkononi. Akaamkiwa, akaitikia mmoja mmoja, akaketi. Elick alisoma kwa sauti ya padri wa Pasaka. Mama hakupinga hata neno. Aliomba tu kwamba, kama hayo ni kweli, wote watie saini kuwa babu zao walichangia. Walisaini wakisukumana.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri," akamwambia Elick. "Ila kuna ukurasa mmoja ulibaki kwa marehemu mume wangu."

Akautoa mkobani, akampa ausome mwenyewe. Nao ulikuwa wa kahawia, umechakaa pembeni. Ulisema kwamba fundi mkuu Pastory aliezeka nusu ya paa vizuri, nusu nyingine akailipua ovyo ovyo na kukimbia, akiapa kwamba asiporudi yeye kuitengeneza, atarudi mjukuu wake. Elick aliusogeza puani. Ulinuka kahawa ya asubuhi ileile.

Kusema karatasi ni ya kughushi kulikuwa rahisi. Kueleza amejuaje ndiko kulikokuwa na kazi. Aliwatazama wapangaji, akitumaini japo mmoja atacheka. Hakuna aliyethubutu. Kuukana ukurasa huu kulikuwa sawa na kuzikana karatasi zote, na mababu wote waliomo. Nestory akasimama, akasema kwa uchungu kwamba paa hilo limemvujia miaka kumi na minane, na leo ndiyo amemjua mhusika.

"Shikamoo, mama," Elick alisema, ingawa alikuwa ameshamwamkia.

"Marahaba. Ngazi iko nyuma."

Kilichokuwa begini kilinunua mabati, tena kwa Nestory, ambaye alipandisha bei siku hiyohiyo. Elick alikaa juu ya paa siku nne, jua likimchoma kisogo, nyundo ikikosea msumari na kupata kidole. Siku ya mwisho aliinuka, akaitazama migomba ya kata ya Ndama iliyotanda mpaka mbali, kisha bati lililonyooka miguuni pake, akakaribia kuamini kwamba babu yake kweli alikuwa fundi. Kesho yake alipanda gari la kurudi Muleba, na hakuna aliyemsindikiza.

Wapangaji, kwa upande wao, walikuwa wanasubiri kumilikishwa fremu zao. Mwisho wa mwezi Auleria alikuja na kibao kilichoandikwa JENGO LA KIHISTORIA, akakipigilia mlangoni, na chini yake akabandika kodi mpya. Nestory akamkumbusha magunia saba, na saini zilizopo.

"Zipo," alisema Auleria. "Mmesaini kwamba walichangia. Na wewe Nestory ulinichangia harusi ya binti yangu Joviana. Umewahi kuja kumdai bibi harusi?"