Nyayo Zangu Kusahauliwa Katika Mpango wa Kunirefusha

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Kurefusha Miguu.

Mheshimiwa Daktari,

Natumai barua hii inakukuta mzima na mikono yako haitetemeki, maana hiyo mikono ndiyo tegemeo langu. Mimi ni yule seremala aliyekuja Jumanne, ambaye muuguzi wako wa mapokezi alimwambia asogee mbele aonekane, hali nilikuwa tayari nimeegemea meza yake. Sikukasirika. Nimezoea.

Ulinieleza kwa upole kwamba mfupa wa mguu hukatwa, ukafungwa vyuma, kisha ukavutwa kidogo kidogo kila siku mpaka mtu apate sentimita nane. Nilikubali papo hapo. Wewe msomi na mimi fundi, lakini kazi zetu ni moja: kukata, kuunga na kumwomba Mungu. Fomu yako niliijaza kwa furaha ya bwana harusi. Nilipofika nyumbani na kuvua viatu ndipo nilipoiona kasoro, na kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, nayaweka malalamiko yangu mezani.

1. Fomu yako inauliza urefu wa paja, urefu wa goti hadi kifundo, uzito, hata ndugu wa kuarifiwa likitokea la kutokea. Nyayo haikuziuliza. Daktari, mimi navaa kiatu namba thelathini na sita. Nilimpigia simu muuguzi wako kuuliza nyayo zitavutwa lini, kabla ya miguu au baada yake. Akanijibu, "Sisi nyayo hatugusi, baba," akakata simu. Hilo "baba" lilinipa moyo kidogo, ila jibu lenyewe halikunisaidia kitu.

2. Kwetu sisi mafundi, kabati likiongezwa urefu, kitako chake huongezwa upana. Ukipandisha juu na chini usiguse, siku mwenye nyumba akivuta mlango wa juu, kabati linamjia zima zima na vyombo vyake. Sasa wewe unataka kunipandisha sentimita nane juu ya kitako kilekile cha namba thelathini na sita. Samahani kwa kusema, lakini fundi wa namna hiyo kwetu hapewi kazi ya pili.

3. Usije ukadhani ni woga tu, nilifanya jaribio. Nilichonga mtu wa mbao kwa vipimo vyangu, nikamwongezea sentimita zako nane chini ya magoti, nikamwachia nyayo zangu. Kifuani nilimjaza misumari ili apate uzito wa utu uzima. Nikamvisha koti langu na kumsimamisha mlangoni mwa karakana. Mara ya kwanza alianguka lori lilipopita. Mara ya pili nilipiga chafya. Mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote, alianguka tu kama mtu aliyekata tamaa, akaingia kwa kichwa chumba cha pili, cha jirani yangu fundi cherehani, na kulala kifudifudi juu ya meza yake, juu ya kitambaa cha mteja.

4. Hapa sina budi kusema kweli. Huyo fundi cherehani ndiye aliyenifanya nije kwako. Ni mrefu. Akisimama tu mlangoni kwangu anaona vumbi lililo juu ya makabati ninayouza, na huwa haachi kuniambia. Nampenda, Daktari. Huu mwaka wa tatu nampenda na sijamwambia, kwa sababu kila nikijiandaa kusema najikuta nazungumza na kola ya gauni lake. Nimeapa kwamba nitasema siku macho yetu yatakapolingana. Haya, fikiria yamelingana, nimefungua mdomo, na upepo ukapita. Mwanamume anayemwangukia mwanamke kifudifudi wakati wa kumposa, ataambiwa nini zaidi ya mlevi?

5. Viatu. Navinunua duka la watoto, ambako muuzaji huamini nina kijana nyumbani na hunipa pipi nimpelekee. Pipi nakula mwenyewe. Mwezi uliopita tulifiwa na jirani na dukani palikuwa pamebaki pea moja ya namba yangu, ile inayowaka taa kisiginoni kila ukikanyaga. Waliobeba jeneza walikwenda taratibu, nami nyuma yao nikawaka hatua kwa hatua mpaka makaburini. Mtu mfupi akiwaka, waombolezaji huangalia pembeni kwa huruma. Mtu mrefu akiwaka, si wataita zimamoto?

6. Mama yangu. Nilipomweleza alishika kiuno akasema, "Nilikuzaa mzima, leo unataka kuungwa kama kiti!" Niliumia, sitaficha. Nikamjibu kwamba kiti kikiungwa vizuri hukaliwa miaka na miaka. Akazitazama nyayo zangu kwa muda mrefu, akaguna, akaenda zake jikoni. Mguno wa mama, Daktari, ni ushahidi hata mbele ya hakimu.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba moja kati ya haya. Kwanza, nyayo zangu zivutwe pamoja na miguu, kwa vyuma hivyohivyo, maana mtakuwa mmeshafungua sanduku la vifaa. Ikishindikana, niwekewe mguu wa tatu kwa nyuma, mfupi tu, wa kuegemea. Mbao nitaleta mwenyewe, ngumu na iliyokauka vizuri.

Hilo nalo likishindikana, basi tuzungumze kiume. Ulipokunja nne pale ofisini nilizipima nyayo zako kwa jicho, na jicho langu halikosei: namba arobaini na sita. Nawe hata si mrefu kiasi hicho. Haki iko wapi? Nigawie vidole vitatu kila mguu. Utabaki na vya kukutosha, na soksi zako hazitatoboka tena. Usiogope kukosa daktari wa kukukata wewe; nikielekezwa vizuri nitakukata mwenyewe. Msumeno ninao, mpya, bado uko kwenye karatasi yake.

Nasubiri jibu lako kabla ya Jumatatu, siku uliyonipangia. Mpe salamu muuguzi wa mapokezi, mwambie nilikuwepo muda wote. Wasalimie wote waliolala wodini na vyuma vyao, waliokwisha kurefuka na walio njiani. Salamu pia kwa wa nyumbani kwako.

Wako anayetamani kusimama imara,
Seremala,
ajulikanaye mtaani kwa jina la Nusu Mlango.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, fundi cherehani alikuja kunirudishia mtu wa mbao, amembeba kwapani. Alikuwa amemkata zile sentimita nane. "Suruali zako nani anazipunguza kila mwaka?" akaniuliza. "Urefu wako naujua. Huyu nilimwona tu amezidi." Akamsimamisha katikati ya karakana. Lori likapita, na hakutikisika. Mimi ndiye niliyetikisika, nikakaa kitini. Naye akavuta kiti kingine akakaa mbele yangu, na macho yetu yakalingana, Daktari, sawasawa kabisa! Miaka mitatu nateseka, na mimi kazi yangu ni kutengeneza viti. Nilisema yote palepale, akakubali kabla sijamaliza. Jumatatu usinisubiri. Zile sentimita nane zifute kwenye fomu yangu. Nimezihamishia kwenye kitanda chetu ninachokichonga, maana miguu yake ingetokeza nje.