Bakteria wa Melkiadi

Jumatatu, 16 Juni 2025. Kasulu.
Tumbo limejaa tena. Mkanda umehamia tundu la mwisho. Jioni kwa Niyongabo, wazee wote tumezunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Tumbo likanguruma. Kisha likafuata lile jambo jingine, lenye harufu. Haraka nikamsingizia mbwa wa Makarius. Makarius akajibu mbele za watu kwamba mbwa wake alikufa tangu Pasaka. Mnafiki, hakunitangazia msiba! Niyongabo akasogeza kigoda changu mlangoni, eti huko kuna upepo mzuri. Nimerudi mapema. Tangu mke wangu, Mama Uwimana, atutoke, nyumba hii haina hata wa kugombana naye. Uwimana mwenyewe yuko Kibondo kwa mumewe, simu haipatikani.

Jumatano, 18 Juni.
Hospitali. Daktari ni binti mdogo, Swaumu. Nilipanga kumwambia ni vidonda vya tumbo, anipe dawa niondoke. Lakini akaniuliza nalala vipi, nakula nini, nakula na nani. Na nani! Nikamwaga yote, mpaka upasuaji wa utumbo wa mwaka juzi. Akasema huenda ndio chanzo: chakula kinapita polepole, bakteria wamezaliana kwenye utumbo mwembamba, mahali wanapotakiwa kuwa wachache tu. Wanakichachua chakula changu kabla sijakifaidi, gesi ndiyo hiyo. Jamani! Nyumbani hapigi hodi mtu, tumboni wamejaa. Amenipa vidonge, nivimalize vyote. Maharage, vitunguu na maziwa niache kwa muda. Nisidonoedonoe kila saa. Pombe marufuku. Nirudi baada ya wiki mbili. Nilitamani kuuliza kama naweza kurudi kesho.

Jumamosi, 21 Juni.
Mpango kabambe! Kukataa chungu cha mtu ni kumtukana, hapa kwetu nani asiyejua? Basi nikachomeka mrija, ncha ikabaki juu ya pombe, nikawa navuta hewa tu na kujilamba midomo. Akili hiyo! Nimevuta jioni nzima. Tumbo likavimba kama la ng'ombe aliyevamia majani mabichi. Makarius akauliza natarajia kujifungua lini. Wamecheka mpaka wakashika mbavu. Kigoda sasa kiko uani, karibu na mbuzi. Mbuzi naye akahama.

Jumatano, 2 Julai.
Vidonge vimekwisha. Daktari Swaumu amebonyeza tumbo, laini. Amenipongeza. Akasema hali hii huweza kujirudia, lakini kwa sasa sina haja ya kuja mpaka nione dalili. Sina haja? Nikamwambia mgongo nao unauma. Akatabasamu, akaita mgonjwa mwingine.

Ijumaa, 4 Julai.
Kigoda kimerudi ndani, kando kabisa ya chungu. Ushindi! Tumbo halikutoa hata sauti. Wakaongea bei ya mahindi, wakaongea harusi ya mtoto wa Makarius. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikataja upasuaji wangu. Niyongabo akaitikia eeh, akaendelea na mahindi. Hata Makarius hakunitania. Nimekaa katikati ya watu saba, nikawa mpweke kuliko nilipokuwa na mbuzi. Imeniuma.

Jumamosi, 5 Julai.
Nimepata mpango. Sokoni kwa Pelagia: maharage ya njano, vitunguu vikubwa, maziwa lita nzima. Nimepika sufuria lote, nimekula peke yangu, nikarudia. Saa hii tumbo limeanza kunguruma vizuri kabisa. Jumanne, Sabasaba ikishapita, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya Daktari Swaumu. Shati nimeshalipiga pasi.