Kishikwambi Kinataka Joto

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bosi kaja dukani na kishikwambi kipya. Ndani yake mmejaa duka zima: kila kopo la rangi, kila boksi la vigae, picha na bei. Ijumaa anakuja mwenzake wanayefungua naye tawi jipya. Atakayemwonyesha mgeni huyo bidhaa kwenye kishikwambi bila kubabaika ndiye atakayekuwa msimamizi wa tawi.

Akauliza nani kavizoea vitu hivi. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Yule dada wa kaunta, tunayemwita Kalkuleta kwa sababu anajumlisha kichwani haraka kuliko mashine, akasema yeye angejifunza polepole. Polepole! Na tawi linafunguliwa mwezi ujao.

Lazima niupate usimamizi huu. Mama mkwe, ambaye anakaa kwetu tangu mwaka jana, nilishamwambia nimeupata. Nilimwambia wiki iliyopita, fununu za tawi zilipoanza, aliponiuliza mbele ya binti yake nitapanga makopo mpaka lini. Kwa hiyo hapa hakuna tamaa yoyote. Nasubiri tu ukweli unifikie nilipo.

Bosi kanipa kishikwambi nikae nacho nyumbani, nifanye mazoezi. Akaanza kunieleza kwamba jioni nikizime kabisa: nibonyeze kitufe cha pembeni, nisikiachie mpaka neno Zima litokee, kisha niliguse hilo neno. Nikamwitikia kwa kichwa ili asichoke kuongea. Nimefika nyumbani, nimegusa kitufe mara moja, kioo kimekuwa cheusi. Kimezimika. Maelezo yote yale yalikuwa ya nini?

Jumanne, 4 Machi

Nimeibiwa chaji. Jana nimelala nimeacha kishikwambi kimezimwa, kioo cheusi tii. Leo hakiwaki. Kitu kilichozimwa kinakulaje umeme? Nimemuuliza mke wangu kama alikichezea. Kasema yeye ana mambo yake.

Nimekichomeka dukani, nyuma ya makopo, Bosi asinione. Pakatokea alama ya betri tupu. Nikabonyeza. Betri tupu. Nikasubiri kidogo, nikabonyeza tena. Tupu vilevile. Kalkuleta, ambaye macho yake yapo kila mahali isipokuwa kwenye kazi yake, akaniambia nikiache kwenye chaji nusu saa bila kukigusa, betri ikiisha kabisa huwa ndivyo. Akanishauri kwa sauti ya upole, na upole wake ndio unaonitia wasiwasi. Anataka nikae mikono mifukoni nusu saa nzima huku siku zinakwenda. Nikamtolea uvivu, nikamwambia vitu hivi mimi nimeanza kuvishika yeye akiwa bado shule. Akasema sawa kaka. Sipendi anavyosema sawa kaka.

Nikakichomoa na kuondoka nacho. Lazima waya wa dukani ni mbovu.

Jumatano, 5 Machi

Usiku nilikichomeka nyumbani, kikajaa chaji chenyewe kwa sababu nilisahau kukibonyeza. Asubuhi kikawaka. Nikafurahi mno, nikamwita mama mkwe aje aone ofisi ya msimamizi. Akavaa miwani. Papo hapo kishikwambi kikaandika kwamba kinajisasisha na kisizimwe.

Mimi niamrishwe na kitu nilichokabidhiwa? Mbele ya mama mkwe? Nikakizima. Nilibonyeza kitufe cha pembeni, nikabonyeza na vya sauti, vyote kwa pamoja, kwa nguvu. Kikazimika. Nilipokiwasha kikatoa nembo ya kampuni, kikarudi giza, kikatoa nembo tena. Nembo, giza, nembo. Mama mkwe akauliza hiyo ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Kazini sikwenda nacho. Nilimwambia Bosi nakizoesha mazingira ya nyumbani kwanza. Akaenda kupokea mzigo. Kalkuleta akaniinamia kwenye kaunta, akaninong'oneza: kikikwama kwenye nembo, kibonyeze kitufe cha pembeni bila kukiachia mpaka kioo kife, ndipo ukiwashe upya. Sikumwambia kama kimekwama! Amejuaje? Hapa kuna njama. Mpinzani wako akikupa dawa, unainywa?

Hata hivyo nimeijaribu, asije akasema sikusikia. Nimebonyeza na kuachia, nimebonyeza na kuachia, mpaka kidole kimeota sugu. Hakuna kitu. Nilijua.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Nimegundua jambo ambalo hata waliokitengeneza hawalijui.

Nilikificha chini ya mto wa kochi ili mke wangu asinihoji. Mama mkwe akaja akakalia palepale kutazama tamthilia yake. Sikuweza kumwambia ainuke. Mtu utamwambiaje mama mkwe ainuke kwa sababu kakalia kazi yako? Nikasimama mlangoni. Mara chini yake kukasikika muziki. Mama mkwe akaruka, akasema kochi linaimba na yeye halali tena kwenye nyumba hii.

Nikachomoa kishikwambi. Kinawaka! Rangi zote, vigae vyote, kimya na adabu.

Nimekaa nikawaza, nimepata jibu: ni joto. Dukani kwetu kuna ubaridi wa vigae, kitu kinaganda. Mama mkwe ni mtu wa mwili, ana joto la kutosha, kimeyeyuka. Mke wangu akauliza kama si uzito wa mama yake uliokibana kitufe muda mrefu. Nikamweleza kwa upendo kwamba haya ni mambo ya kitaalamu. Akaenda zake jikoni.

Mama mkwe alipotulia kaninyooshea shati kwa ajili ya kesho. Kanyoosha mpaka kola. Sikutegemea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeonewa.

Nilifika mapema, nikaweka kishikwambi juu ya ndoo ya rangi, nikakikalia. Sikuinuka asubuhi yote. Wateja nimewahudumia nikiwa nimekaa, mmoja kanipa pole ya mgongo. Kila baada ya muda nilisikia ule muziki wake wa kuwaka kule chini, nikajua mambo yanakwenda vizuri.

Mgeni akaingia na Bosi. Nikainuka, nikakitoa, nikakiinua juu wote waone. Nembo. Giza. Nembo.

Sikubabaika. Nikawaeleza kwamba joto halijatosha, nikakikalia tena, mbele yao. Mgeni akaniuliza kwa heshima kama najisikia vizuri. Nikamjibu kwamba mimi ni mwembamba, hapa panahitajika mtu mwenye mwili, na nikamwonyesha Bosi ndoo, kwamba akikaa yeye mara moja tu kitawaka. Mpaka fundi aliyekuwa akichagua brashi akaacha kuchagua.

Ndipo Kalkuleta akaniomba kwa upole nimpe. Akabana kitufe cha pembeni, akatulia hivyohivyo bila kukiachia, huku akimuuliza mgeni habari za safari. Kioo kikafa. Akaachia, akakibonyeza tena, kikawaka. Akaanza kumwonyesha vigae vya bafuni. Bosi akampa tawi hapohapo, wakapeana mikono.

Nani alikipasha kishikwambi kile asubuhi nzima? Nani? Mimi nimeshinda nimekaa juu ya ndoo, yeye kaja kukishika dakika moja kikiwa tayari! Nilipomwambia Bosi hivyo, akasema niende nikapange makopo.

Njia nzima nilikuwa natafuta la kumwambia mama mkwe. Na hilo shati alilolinyoosha nimelivaa mgongoni. Nikamwambia tawi kapewa mtu niliyemfundisha mimi. Akasema pole, mwanangu, yeye tangu mwanzo hakuamini, ila aliona shati linahitaji pasi. Nimeshindwa kula. Hajawahi kuniita mwanangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kumekucha! Jana nilikata tamaa bure.

Simu mpya ya Bosi haiwaki. Kaibonyeza weee, kaipuliza, kaitupa kaunta, katoka mbio kwenda kumtafuta Kalkuleta aliyekwenda kuliona tawi. Bosi anaijua thamani ya mtu pale tu asipokuwapo, basi mimi nipo. Akirudi akute simu inawaka, tutaona nani anahamishwa na nani anabaki.

Nimetafakari kosa la jana nikaliona. Joto lilikuwapo, kilichokosekana ni uzito. Mama mkwe alikuwa na vyote viwili. Kwa hiyo nimeiweka simu juu ya ndoo, nimeikalia, na mapajani nimepakata mfuko mzima wa gundi ya vigae. Naandika haya shajara ikiwa juu ya mfuko, miguu imeanza kufa ganzi, lakini siinuki ng'o.

Sasa hivi nimesikia kitu kimelia ta chini yangu. Kimelia tena, ta, kwa urefu kidogo.

Inaamka. Naongeza mfuko wa pili.