Kanuni ya Saba na Saa Isiyotajwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliye njiani. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wao na wasaidizi wa wasaidizi wao. Fundi wa vipaza sauti. Mabibi na mabwana! (Makofi ya wastani.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wachache wanao kama mimi, kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Kanuni ya Saba ya Duka letu la Programu, inayokataza programu yoyote ya saa janja yetu kutaja, kudokeza au kukohoa kwa namna inayoashiria saa janja ya washindani. Uzingatiaji umefikia asilimia mia moja na nne! (Makofi. Mtakwimu anainamisha kichwa.)

Mwezi jana alifika ofisini kwangu dada mmoja mtengeneza programu. Yake humkumbusha mgonjwa kumeza dawa, na tulikuwa tumeikataa mara tisa, kwa kuwa maelezo yalisema, "Inafanya kazi pia kwenye ile saa nyingine."

Akaniambia, "Mkurugenzi, baba yangu anavaa hiyo nyingine. Nisipoitaja, wenzake watajuaje kwamba inawafaa?"

Nikamshauri kama kaka yake: "Andika 'kifaa kingine cha mkononi'."

Akaandika. Kitengo cha Uhakiki kikaikataa, kwa hoja nzito kwamba hata bangili ni kifaa cha mkononi, na sisi hatujafanya tathmini ya kimkakati ya bangili. (Kicheko. Mkuu wa Uhakiki hacheki.) Akafuta, akaacha neno "saa" peke yake, tukauliza, saa ya nani? Mwishowe akaleta maelezo matupu, tukayakataa kwa kosa la kunyamaza kwa dharau.

(Sauti ya dada kutoka nyuma: "Na juzi baba, bila wa kumkumbusha, kazimeza dawa zake mara mbili, kalala mpaka kesho yake!")

Tumelipokea, dada, na tutaliundia kamati. (Minong'ono.)

(Dada: "Basi tuonyesheni hiyo saa yenu!")

Muda hauturuhusu. Kanuni oyee! (Oyee ya watu watatu.) Washindani? (Kimya, kwa mujibu wa Kanuni.)

Namalizia kwa shukrani. Kwanza kwa dada huyu, maana programu yake ndiyo pekee iliyowahi kuletwa, na bila yeye tusingekuwa na cha kukataa. Pili kwa seremala, aliyenichongea hii saa niliyovaa. Na siku akipatikana wa kutengeneza ya kweli, hilo Duka nalo tutalifungua.