Ombi la Kamati Kwenda Fungate Bila Maharusi

Kihonda, Morogoro
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi,
Mjomba Severini,
Mgeta.

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

YAH: KAMATI IENDE MAFIA, SISI TUBAKI NYUMBANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na karoti zimeitikia mvua. Mimi sijambo, na mume wangu Abel hajambo. Utanisamehe nikiliandika neno "mume wangu" mara nyingi kuliko inavyohitajika. Bado ni jipya kama vyombo vya kicheni pati, na sijapata moyo wa kuliweka kabatini.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa nakukubalia kila kitu.

Kwanza nashukuru. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na neno lako ulilisema vizuri. Ulisimamia harusi yetu mpaka watu wa Mkuyuni, ambao hawana kawaida ya kusifu, wakasifu pilau. Nilipoingia ukumbini nikamwona Abel amesimama katikati ya maua ya plastiki, macho yanang'aa kama umande juu ya kabichi, nilijua kwamba Mungu ananifahamu kwa jina. Kwa hayo yote kamati yako naipenda, na itaendelea kupendwa katika nyumba hii hata baada ya kusoma yanayofuata.

Kama unavyojua, Abel aliniahidi fungate ya kisiwani Mafia. Tungemwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko lori la mboga na mpole kuliko katekista. Tungetazama vitoto vya kasa vikitoka mchangani na kukimbilia maji. Tungetembea kwenye magofu ya Kua tumeshikana mikono, na akina mama wa huko wangenifundisha kusuka ukili ili nimsukie mume wangu mkeka. Katika mipango yote hiyo, Mjomba, nilikuwa nawaona watu wawili.

Ikafika siku ya kuvunja kamati. Wanakamati walikula, wakanywa, wakashukuriwa. Ilibaki wewe tu kutamka kwamba kamati imevunjwa. Ukasimama ukasema, "Kamati haivunjwi kazi ikiwa nusu. Bibi harusi hajafika Mafia bado." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, nikidhani ni dua. Tangu siku hiyo yametokea haya ninayolalamikia:

1. Wingi wa watu. Nilimuuliza katibu, dada Joyce, kwa nini fungate inahitaji Kosta ya kukodi. Alinijibu kwamba Haisi haitoshi. Sina ugomvi na mtu yeyote aliyemo. Nikimfikiria mmoja mmoja, naona kila mtu anastahili: wewe mwenyewe, Shangazi Martina, wasimamizi wetu Deogratias na mkewe Lucy, mpiga video, wapiga tarumbeta. Ni wakishakaa wote ndipo nakosa pa kukaa mimi na Abel.

2. Wanyama. Uliposikia kwamba kisiwani kuna kima, ulisema mbele ya kikao, "Kima nimemfukuza shambani tangu nina meno ya utoto, leo mpwa wangu apande boti kwenda kumpigia hodi?" Kima akaondolewa kwenye ratiba na muda wake ukapewa hotuba yako. Papa potwe alibakizwa kwa kuwa hakuna mtu wa Mgeta aliyewahi kugombana naye. Lakini hapo tena mshereheshaji wetu, kaka Yunusi, alimpigia simu Abdi, kijana wa Kilindoni, huko Mafia, anayewapeleka wageni majini, akamuuliza huyo papa huingilia upande gani na huingia na wimbo gani. Abdi alimweleza kwa upole kwamba papa haingii, ila watu ndio humfuata alipo, wachache wachache, kimya kimya. Yunusi amesema katika kazi yake yote hajapata kuona mgeni rasmi asiyeingia na muziki. Amekwisha kuagiza spika isiyoogopa maji.

3. Utamaduni. Shangazi Martina alisema kwamba kwenda kutazama ngoma za watu umekunja mikono ni sawa na kwenda msibani kula tu. Nilikubaliana naye, maana ni kweli. Kumbe kukubali kwangu kulikuwa ni kuruhusu kikundi cha ngoma cha Mgeta kisafiri na ngoma zake, pamoja na magunia ya kabichi, kwa sababu hatuendi kwa watu mikono mitupu. Wewe ukaongeza kwamba hatuingii kwa watu bila mshenga. Mzee Kondo, yuleyule aliyekuja kuniposa kwa niaba ya Abel, akatumwa Mafia kutupigia hodi.

Watu wa Mafia ni waungwana. Walimpokea, wakamlisha, kisha wakamuuliza amekuja kwa ajili ya binti yupi. Akawajibu kwamba binti tunaye wetu, tunakuja naye. Hawakumcheka. Walimfungashia nazi, na alipoondoka wakaunda kamati ya mapokezi. Sasa kamati hizi mbili zinawasiliana kila siku na zimeanza kuitana wakwe.

4. Malazi. Dada Joyce hakuwa na mfano wa ratiba ya fungate, akanakili ile ya hija ya parokia. Wanawake wamepangiwa jengo la huku na wanaume jengo la kule. Mimi nitalala na Shangazi Martina. Mume wangu Abel atalala na mpiga tarumbeta. Upo muda umeandikwa "Maharusi kuwa pamoja", baada ya rozari na kabla ya chakula cha jioni, ufukweni, kwa ajili ya picha. Nilipomlalamikia Shangazi aliniambia, "Mtakuwa pamoja maisha yote, mwanangu. Hizi siku chache mnatuonea wivu wa nini?" Jibu lake nimelitafuta hata leo kanisani.

5. Tarehe. Kamati hizi mbili, yetu na ya wakwe, zimechagua wiki inayomfaa kila mtu isipokuwa Abel. Wiki hiyo kiwandani kwao wanafunga mitambo mipya na hakuna ruhusa. Niliandika kuomba isogezwe. Dada Joyce alinijibu kwa maandishi kwamba kukosekana kwa bwana harusi si sababu ya kutosha kuahirisha shughuli, na kwamba Deogratias atamwakilisha, kwa kuwa hata suti ya Abel inamwenea. Namheshimu sana Deogratias, lakini altareni sikumtaja yeye. Lucy naye, mke wake, aliposikia alisema kama ni hivyo basi na mimi niwakilishwe, na kwamba yeye yuko tayari na gauni litalegezwa kidogo kiunoni.

Mjomba, hapo ndipo nilipopata mwanga. Papa hahitaji kuniona mimi. Wakwe hawajawahi kuniona. Picha zitapigwa, hotuba itasomwa, ngoma zitachezwa, na maharusi watakuwepo, tena waliokwisha kuzoeana. Nimeipitia shughuli yote mwanzo hadi mwisho na sikuona mahali ambapo mimi na Abel tunahitajika.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kamati iende Mafia bila sisi. Kaeni mpaka mridhike. Muende na Shangazi Martina, ambaye tangu harusi anaishi nasi ili anifunde vizuri, na hulala sebuleni mlango ukiwa wazi. Sisi tutabaki hapa Kihonda, tufunge mlango, nimtazame mume wangu nami anitazame. Sitaki samaki mkubwa wala magofu. Nataka siku moja na Abel ambayo haina mwenyekiti. Hilo tu ndilo ninalolililia, na naamini wewe kama mjomba utanielewa hata kama mwenyekiti atakataa.

Nisalimie Mama, mwambie ninakula vizuri. Nisalimie katekista, Mzee Kondo, wanakwaya wote, na majirani wa pale juu kwetu mmoja mmoja usimruke mtu. Mkifika Mafia, wasalimieni na wakwe.

Nakubusu mikono kwa heshima ya ukoo wetu wote.

Mpwa wako mtiifu,
Bernadeta,
mke wa Abel.

Nyongeza: Mjomba, sikuwahi kuifunga bahasha. Mchana huu Shangazi Martina alikwenda kwenye ubatizo, akatuacha wawili kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Tulifunga mlango. Tukakaa. Abel aliniuliza kama nimekula, nikamwambia tumekula wote sasa hivi. Nikamuuliza habari za kazini, akasema leo ni Jumapili. Basi tukatazamana, jambo nililokuwa nimelitamani sana, na lilipokwisha hatukujua kinachofuata. Uchumba wetu wote ulikuwa wa simu, na tulipoonana tulionana mbele yenu, kukiwa na mtu wa kutuambia simameni, kaeni, lishaneni keki.

Mwishowe Abel alitoka uani akanipigia simu. Tulizungumza vizuri sana. Alinichekesha, akaniambia maneno ambayo mtu hamwandikii mjomba wake. Kisha akarudi ndani, tukanyamaza tena, kila mmoja na simu yake mkononi.

Kwa hiyo ombi langu la juu nalifuta. Naomba tarehe isogezwe ili Abel apate ruhusa, twende wote, na asipunguzwe mtu hata mmoja kwenye Kosta. Ila mkifika huko mtuachie alasiri moja, mahali pasipo na mtandao. Tutajaribu tena.