Vigoda Vyeusi na Kanzu ya Mjomba

Jamani, leo uso wangu sina pa kuuweka.

Ninyi tuliotoka jandoni pamoja, mlioko Lindi kwa kazi ya upagazi, nawaandikia kwa sababu hapa kijijini hakuna mtu ninayeweza kumtazama machoni. Atakayewasomea barua hii asome polepole, na asipaze sauti. Hasa akifika penye kanzu.

Kosa nililifanya mapema, siku ile nilipopeleka mpira wangu wa porini kuuza Newala. Kwenye baraza ya akida wa Wadachi niliona viti vinne. Vinafanana, jamani! Miguu ileile, rangi ileile, kama watoto wa tumbo moja. Nikasimama na mzigo kichwani nikivikodolea macho mpaka askari akaniuliza, "Wewe, umekuja kuuza mpira au kuposa kiti?"

Tangu siku hiyo nikawa sina raha nyumbani kwangu.

Vigoda vyangu mnavijua. Kimoja cha marehemu bibi yangu, chenye mjusi aliyechongwa juu ya kikalio. Kimoja cha jirani yangu Namkaa, aliyeniachia alipokimbilia ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita vile vya maji. "Nitunzie," alisema, na hajarudi. Cha tatu nilikipata kwa kubadilishana na kapu la muhogo, kina ufa katikati. Cha nne nimekichonga mwenyewe bila kufundishwa na mtu. (Kinayumba. Tuyaache hayo.) Vinne, na hakuna kinachomjua mwenzake. Kila nikivitazama naona kama nyumba yangu imeokotwa njiani.

Sasa sikilizeni. Nyumba nimeshaijenga hapa kwa mama yake Somoe, binti ninayemposa, kama ilivyo desturi yetu. Kilichobaki ni neno la mjomba wake, Mzee Nnali. Akiikagua nyumba na kuridhika, Somoe analeta mkeka wake, tunaoana. Asiporidhika, yuko mfanyabiashara wa chumvi kutoka Masasi ambaye ameshatuma salamu mara mbili. Mtu huyo ana punda! Mimi nina vigoda.

Mjomba alisema atakuja leo.

Fedha ya viti vya akida sina na sitakuwa nayo. Nikajiambia: visivyofanana nitavifananisha. Nikakata miguu ya vigoda vyote vilingane. Kimoja kikazidi, nikakata vingine. Kingine kikazidi, nikakata tena. Nilipomaliza, aliyekaa alikuwa karibu kugusa kidevu kwa magoti. Nikachukua nta nikaziba ufa. Nikamziba pia mjusi wa bibi, kwa sababu vingine havina mjusi. (Msinitazame hivyo.)

Halafu rangi. Masizi ya chungu yanafutika. Nikawaza, nini kitayashika? Mimi ni mgema mpira, ndugu zangu. Utomvu wa mbungo, ule mtambaa wa porini unaotoa mpira, ninao wa kujaza kibuyu. Nikachanganya masizi na utomvu, nikapaka. Nikapaka tena.

Dada yangu Zainabu alipita na kuni kichwani, akasimama.

"Mdogo wangu, hicho si mpira?"

"Ni rangi."

"Rangi ya mpira."

"Dada, niache. Nataka vifanane."

"Kwani Mjomba anakuja kuvitazama au kuvikalia?"

Nikaendelea kupaka. Mtu anayejifundisha mwenyewe ana tabu moja: hana mwalimu wa kumwambia basi.

Asubuhi ya leo ukungu ulikuwa umetanda, baridi kweli. Nikagusa kigoda kwa kidole. Kimekauka! Kinang'aa kama mpingo. Nikavipanga vyote vinne uani ili wageni wavione tangu mbali. Nikarudi nyuma, nikavitazama. Jamani, vilikuwa vizuri. Nusura nilie.

Kisha ukungu ukaondoka, jua likatoka. Nikaona ni jambo jema, vitang'aa zaidi.

(Mimi ambaye kila siku porini najipaka utomvu huo mkononi ili ugande nipate kuuviringisha uwe tonge! Mimi ambaye najua unavyong'ang'ania vinyweleo! Ni mimi huyohuyo.)

Wageni wakafika. Mbele Mzee Bakari, mshenga wangu, ambaye hata akinyamaza midomo inaendelea. Nyuma yake Mjomba mwenyewe, ndani ya kanzu mpya nyeupe, nyeupe mpaka macho yanauma.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Somoe naye alikuja, lakini mkwe hatazamani na mkwewe. Akaketi nyuma ya nyumba, ametupa mgongo. Nasi tulisikia sauti yake tu, akizungumza na kuku wake.

"Kuku, mwenye nyumba ameamka salama?"

"Ameamka salama, Mama," nikaujibu ukuta.

Zainabu akaleta maji ya kunywa. Mjomba akanywa kidogo, akamwachia mwenzake. Akavitazama vigoda. Nikamwona anavitazama!

"Vyote umenunua?"

"Vyangu, Mjomba."

"Na kigoda cha marehemu bibi yako kiko wapi? Nilipokuwa mtoto alikuwa akinikalisha chini, yeye juu ya kigoda, akinimenyea muhogo. Mimi namshika mjusi mkia. Sitaki kuona kingine kabla sijakiona hicho."

Nikavitazama vigoda. Vigoda vikanitazama. Vinne, vyeusi, havina tofauti. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitafuta, nami nilikuwa nimekipata.

"Ni... kile pale," nikasema, nikanyoosha kidole ovyo.

"Mjusi yuko wapi?"

"Amefunikwa kidogo, Mjomba. Asichakae."

Mjomba akaenda kwenye kile nilichoonyesha, akainama, akakigusa kwa heshima. "Cha mkubwa hakikaliwi ovyo," akasema, akakiacha. Akaketi kwenye cha pembeni. Mzee Bakari akaketi cha tatu. Mimi nikabaki nimesimama, kwa adabu. (Adabu imeniokolea nguo.)

Wakakaa. Wakatazama paa, wakasifu makuti. Mzee Bakari akaeleza nasaba yangu, akafika kwa babu, akapita, akaanza kubuni. Jua likapanda. Mjomba akauliza habari za shamba, za mpira, za kodi, kama naweza kumlisha mtoto wake. Nikajibu yote. Hata mimi nilijistaajabia.

Mwishowe Mjomba akapiga magoti yake kwa viganja.

"Haya. Nilikuwa na wasiwasi nawe, kijana. Unaonekana mtu wa kuhangaika. Lakini nyumba ni safi, umeipanga vizuri. Basi nitamwambia dada yangu kwamba Somoe..."

Akasimama.

Kigoda nacho kikasimama.

Akageuka kutazama nyuma. Kigoda kikageuka naye. Akageuka upande wa pili. Kikamfuata.

"Nini hiki?"

"Kaa kidogo, Mjomba!"

"Nilikuwa nimekaa!"

Mzee Bakari akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mzee mwenzangu, kigoda kimekupenda!" Akajaribu kuinuka aje kumsaidia, akarudi chini puu. Akajaribu tena. Kicheko kikakatika. "Ala! Na mimi pia? Leteni maji! Maji! Maji!"

"Punguza sauti we Bakari!" Mjomba akafoka. "Neno hilo siku hizi halipigiwi kelele! Unataka askari waje watukute hivi?"

"Maji hayafai, ni mpira," nikasema kwa sauti ndogo.

Mjomba akanigeukia, kigoda nyuma yake.

"Ni nini?"

"Mpira, Mjomba. Na masizi kidogo."

Nyuma ya nyumba sauti ikatoka, tulivu kabisa: "Kuku, hebu niulizie. Mkwe wangu amemgema kaka yangu?"

Zainabu akaingia ndani mbio. Nilijua anaenda kucheka. Alitoka na mafuta ya ufuta, lakini Mjomba hakuwa na subira. Aliniamuru nishike kigoda, yeye avute mbele. Nikashika, akavuta. Kanzu ikalia krrraa!

Jamani, sauti ile nitakufa nayo.

Mjomba alikwenda mbele hatua kadhaa. Nyuma ya kanzu pamebaki dirisha. Alikuwa amevaa msuli kwa ndani, Mungu ni mwema, lakini msuli wenyewe ulikuwa na kiraka, na kiraka hicho sasa kilikuwa cheusi. Mimi nilikuwa chini, nimekumbatia kigoda chenye kipande cha kanzu nyeupe.

"Kibandue," Mjomba akasema. Hakuwa akifoka tena. Ilikuwa afadhali afoke.

Nikakibandua kile kitambaa. Jua lilikuwa limeilainisha nta. Kitambaa kikatoka na mpira, mpira ukatoka na nta, yote pamoja kama ngozi ya nyoka. Chini yake akatokeza mjusi. Kichwa, mgongo, mkia.

Mjomba akachuchumaa, huku dirisha lake likiwa wazi kwa kijiji kizima. Akamshika mjusi mkia.

"Kumbe nimekaa juu yake," akasema. "Na wewe hukujua."

"Sikujua, Mjomba."

"Ulinionyesha kingine."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa nini ulimziba?"

"Vingine havikuwa na mjusi," nikasema.

Aliinuka. Kisha akasema neno lake, mbele ya mshenga aliyekuwa bado amegandia kigoda. "Somoe haji sasa. Nitarudi siku kila kigoda kitakapokuwa na uso wake, na wewe ukiweza kuniambia kila kimoja ni cha nani. Mtu wa chumvi nitamwambia angoje. Sitamwambia aondoke. Angoje tu."

Nikaingia ndani nikamletea kanzu yangu, ile niliyoiweka ya harusi. Ilimfika magotini. Akaondoka nayo hivyohivyo, ananyanyua shingo. Mzee Bakari, baada ya mafuta ya ufuta na kelele nyingi, akamfuata akitembea upandeupande. Njia yote nilisikia watoto wakiwasalimu kwa heshima kubwa mno.

Mama Somoe akawa wa mwisho kuondoka. "Kuku," akasema, "yule mjusi mkwarue taratibu. Usimvunje mkia."

Sasa nimekaa chini, kwenye mkeka, nakwarua. Vidole vyangu ni vyeusi, ndiyo maana barua hii ina alama. Kigoda cha Namkaa nimekijua kwa alama ya kisu aliyoikata ukingoni zamani, siku alipokuwa akimenya muwa. Nilikuwa nimeisahau. Akirudi kutoka ng'ambo nitampa kikiwa chake, ingawa miguu imepungua. Cha ufa nimekirudishia ufa. Changu bado kinayumba.

Msicheke. Au chekeni hukohuko Lindi, mmalize kabla hamjafika nyumbani.

Kanzu ya harusi sina tena. Somoe bado yuko kwa mama yake. Nina vigoda vinne vifupi visivyofanana, na tangu mchana wa leo najua kila kimoja ni cha nani.